Gitaa la umeme la kuunga nyumbani: dalili, chanzo na tiba

Seti ya gitaa la umeme ya bei nafuu hufika na kila kitu isipokuwa muda wa fundi. Boksini mna kiwiliwili cha mbao kilichokwisha kuchongwa, shingo yenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza), daraja linaloshika nyuzi upande wa kiwiliwili, pikapu mbili (sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi), nyaya na mfuko wa skrubu. Kuviunga pamoja ni kazi ya Jumamosi moja. Lakini kiwandani hakuna aliyeketi na shingo hiyo akasawazisha freti zake moja moja, wala aliyepima kina cha mifereji ya nyuzi. Ndiyo maana bei imeshuka. Saa hizo za kazi zimehamia mezani kwako, na kila kasoro utakayokutana nayo inakuonyesha kazi ambayo haijafanywa.

Nimeunga magitaa manne ya namna hii, yote ya mtindo wa Telecaster, na ndio mtindo ninaomshauri anayeanza. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipolitoa gitaa la aina hiyo huko California mwaka 1950 (jina la Telecaster lilifuata 1951), shingo aliishika kwa skrubu nne, bila gundi. Kilichofungwa kwa skrubu hufunguka, kikarekebishwa, kikarudishwa. Seti zenye shingo ya kugundishwa hazikupi nafasi hiyo: ukiigundisha ikiwa imekaa upande, itabaki upande.

Tuelewane kwanza kwa majina. Kile kipande cha plastiki chenye mifereji sita karibu na kichwa nitakiita kigoda. Vile vipande vidogo juu ya daraja ambavyo uzi hulalia ni vitandiko. Chuma kirefu kilichozikwa ndani ya shingo, kinachokazwa kwa spana ya pembe sita, ni nondo ya shingo. Uzi wa kwanza ni E nyembamba, wa sita ni E nene.

Na kuna utaratibu mmoja ambao ukiuvunja utazunguka palepale wiki nzima. Anza na kiungo cha shingo na kiwiliwili, kisha nondo, kisha kigoda, kisha kimo cha nyuzi kwenye daraja, na mwisho kabisa urefu wa kila uzi. Kila hatua hubadilisha zilizo mbele yake. Mtu akianza na daraja, akirudi kwenye nondo atalazimika kulirekebisha daraja upya. Usiguse vitu viwili kwa wakati mmoja, na andika kwenye daftari ulichokigusa na umekizungusha kiasi gani.

Kuna mwanya kati ya shingo na kiwiliwili

Hii naiweka ya kwanza kwa sababu huzaa nyingine nyingi, na watu wengi hawaitazami kabisa. Gitaa halishiki sauti, nyuzi ziko juu hata ukishusha vitandiko mpaka mwisho, noti hufa haraka. Kabla ya lolote, pitisha kipande cha karatasi pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili. Karatasi ikipenya chini ya shingo, kiungo hakijafunga.

Chanzo chake mara nyingi ni matundu ya kwenye kiwiliwili. Skrubu inatakiwa ipite humo kwa kusukumwa na kidole, bila kung'ata mbao, na meno yake yashike ndani ya shingo peke yake. Kwenye seti za bei ndogo matundu hayo huwa membamba, skrubu inang'ata mbao mbili kwa pamoja, na hapo hata ukaze kwa nguvu zako zote mwanya ulioanza nao ndio utakaobaki nao. Toa shingo, panua matundu ya kiwiliwili kwa drili kidogo kidogo mpaka skrubu ipite bila shida, kisha rudisha. Gitaa langu la pili lilinisumbua mwezi mzima kwa sababu hii. Nilibadilisha nyuzi, nikabadilisha vigingi vya kukazia, kumbe ugonjwa ulikuwa mahali ambapo sikuwa nimepatazama.

Angalia pia kama ndani ya kitako cha shingo kuna matone ya rangi au vumbi la mbao. Tone moja la vanishi iliyokauka linatosha kuinamisha shingo.

Skrubu ikiwa ngumu kuingia kwenye shingo, usiilazimishe. Mbao ya shingo ni ngumu na skrubu za seti ni laini; kichwa kitakatika na mwili wake utabaki ndani. Isugue kwenye kipande cha sabuni ya mche kisha uizungushe taratibu. Na kama tundu limelegea na skrubu inazunguka bila kukaza, jaza njiti za meno zilizopakwa gundi ya mbao, kata zilizozidi, acha mpaka kesho, toboa upya.

Uzi wa kwanza au wa sita ukiteleza nje ya ukingo wa shingo unapoupiga, shingo imekaa upande. Acha nyuzi zikiwa zimekazwa, legeza zile skrubu nne nusu mzunguko tu, ivute shingo kwa mkono upande unaotakiwa mpaka nyuzi mbili za pembeni ziwe na nafasi sawa na ukingo, kisha kaza.

Nyuzi zinaparaza freti

Mlio wa uzi unaogonga chuma huwatisha wengi, na haraka hukimbilia kupandisha vitandiko. Mlio unaondoka, lakini sasa vidole vinauma na gitaa limekuwa gumu kama waya wa kuanikia nguo. Jiulize kwanza: unaparaza wapi?

Ukiparaza uzi ukiwa wazi tu, na ukibonyeza freti yoyote mlio unakoma, tatizo liko kwenye kigoda: mfereji wa uzi huo ni wa kina mno. Changanya unga wa plastiki uliokwangua pembeni mwa kigoda kilekile na tone la gundi ya supa, jaza mfereji, acha ukauke kabisa, kisha chonga upya kwa uangalifu.

Ukiparaza kwenye freti za mwanzo, kama kuanzia ya 1 hadi ya 5, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwa nyuma. Uzi ukitetemeka huchora tumbo pana katikati, kwa hiyo shingo inahitaji upinde mdogo sana wa kuupisha. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama milimita 0.25. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo karatasi mbili zipite, na tatu zianze kugusa. Kama hakuna nafasi kabisa, legeza nondo kinyume cha saa. Kama nafasi ni kubwa, kaza kwa mwelekeo wa saa. Robo mzunguko kwa mara moja, kisha tyuni upya na upime tena. Mbao nyingine huendelea kusogea mpaka kesho yake. Nondo ikigoma, simama. Nondo iliyokatika ndani ya shingo ya seti ya bei nafuu maana yake ni kununua shingo nyingine.

Ukiparaza kuanzia freti ya 12 kwenda juu, mara nyingi nyuzi zimeshushwa mno kwenye daraja. Kipimo cha kuanzia: juu ya freti ya 12, uzi wa kwanza uwe na nafasi ya milimita 1.6 na wa sita milimita 2. Kadi mbili za benki zikiwekwa pamoja zina unene wa karibu milimita 1.5, kwa hiyo hata bila rula ya chuma unaweza kukisia.

Halafu kuna ile ya mahali pamoja tu. Unabonyeza freti ya 9, sauti inakufa au inatoka ile ya freti ya 10. Freti ya 10 imesimama juu ya wenzake. Tafuta kitu chenye ukingo ulionyooka, kifupi kiasi cha kugusa freti tatu pekee. Mimi nilikata kadi ya zamani vipande vya urefu tofauti, maana freti zinakaribiana kadiri unavyoelekea kwenye kiwiliwili. Laza ukingo juu ya freti tatu. Ukicheza kama mbao ya pembea, ya katikati ndiyo mkosaji. Kwanza weka kipande cha mbao juu yake na uigonge kwa nyundo ndogo, kwa sababu kwenye shingo hizi freti nyingi hazijazama vizuri kwenye mfereji wake. Ikikaa, tone la gundi ya supa nyepesi litaishika. Isipokaa, itabidi kuipunguza kwa tupa laini na kuirudishia umbo la mviringo juu, kisha kuing'arisha kwa msasa wa namba 600, halafu 1000. Funika mbao zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kuanza, kwa sababu tupa hukwangua mbao kuliko chuma.

Wapigaji wa rhythm wanaweza kuishi na freti mbovu kule juu. Anayetaka kupiga solo za sebene hawezi: kazi yake kubwa iko kuanzia freti ya 12, na huko ndiko seti hizi hukaguliwa kwa uvivu zaidi. Kama wewe ni mpiga solo, pima freti zote 22 kwenye nyuzi zote sita kabla hujapaka hata tone la rangi.

Limetyuniwa, lakini kodi hazipatani

Hapa pana magonjwa mawili yanayofanana kwa nje.

La kwanza: nyuzi zikiwa wazi ziko sawa, lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za karibu na kichwa, kama E au A, zina uchungu fulani masikioni. Ukipanda juu, mambo yanakuwa afadhali. Hicho ni kigoda tena, safari hii mifereji haina kina cha kutosha. Unapobonyeza freti ya 1 unauvuta uzi chini umbali mrefu, na sauti yake inapanda. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya 1: panatakiwa pabaki nafasi ndogo kama unywele. Ukiona mwanya ulio wazi, chonga mfereji polepole, ukiuinamisha kidogo kuelekea vigingi, na upime kila baada ya mikwaruzo miwili mitatu. Nimekwisha kuona seti nyingi, na kigoda cha juu mno ndicho kasoro inayorudi kuliko zote.

La pili: kadiri unavyopanda shingo ndivyo gitaa linavyozidi kupotea. Hapo ni urefu wa uzi. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kwa wepesi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, kisha upige), halafu bonyeza freti hiyohiyo na upige, ukitazama tyuna ya simu. Noti uliyobonyeza ikiwa juu ya hamoniki, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya tu. Uzi uliochakaa hudanganya.

Na kama kitandiko kimefika mwisho wa skrubu yake na bado hapapatani, daraja lenyewe limefungwa mahali pasipo pake. Kwa mtindo wa Telecaster urefu wa uzi ni milimita 648. Pima kutoka kwenye kigoda hadi katikati ya freti ya 12: utapata 324. Kutoka hapo hadi kitandiko cha uzi wa kwanza pawe 324 na kama milimita moja au mbili zaidi, na cha uzi wa sita kiwe nyuma yake kwa milimita chache. Usiyaamini matundu yaliyotobolewa kiwandani. Pima kabla ya kufunga. Yakiwa yamekosewa, chonga vijiti vya mbao ngumu, vigundishe humo, acha siku nzima, kisha toboa upya.

Gitaa likipoteza tyuni kila ukivuta uzi, na unasikia mlio mfupi wa kukatika kwenye kigoda unapokaza kigingi, uzi unabanwa kwenye mfereji. Sugua ncha ya penseli humo, unga wake mweusi hulainisha. Nyuzi mpya nazo zivute kwa mkono mara kadhaa na kuzityuni tena kabla ya kulaumu vigingi.

Limeunganishwa, lakini kimya

Badilisha waya wa gitaa kwanza. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wakifumua lehemu iliyokuwa nzima kwa kosa la waya uliokatika ndani.

Kama waya ni mzima, uchomeke kwenye gitaa, fungua sauti mpaka mwisho, na kwa upande mwingine wa waya weka multimita (kipima umeme) kati ya ncha na shina la plagi. Pikapu ya koili moja hutoa kilo-om 5 hadi 8 hivi. Zile za koili mbili huzidi hapo. Ukisoma karibu na sifuri, mahali fulani waya wa sauti umegusana na athi (upande wa ardhi), na mara nyingi ni ulimi wa jeki (tundu la kuchomekea waya wa gitaa) uliogusa ukuta wa tundu uliofunikwa kwa karatasi ya shaba. Ukisoma karibu kilo-om 250, unapima poti (kile kizungusho cha sauti) peke yake: pikapu haijaunganika, au swichi haiifikishi. Kama hakuna kipimo chochote, waya umeachia kati ya poti na jeki. Vipimo hivyo vitatu hukuelekeza upande wa kutafuta kabla hujafungua skrubu hata moja.

Kiungo cha lehemu kilichokufa huonekana kwa macho: kimefifia, kina punjepunje, kimekaa juu kama tone la nta. Kizuri hung'aa na kimetandaa. Mgongo wa poti ndio unaowashinda wengi, kwa sababu chuma chake hunyonya joto. Ukwangue kwa msasa kwanza, tumia chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, pasha mgongo wenyewe ndipo ulishe lehemu. Kile kidogo cha wati 25 kitakufanya ukae hapo muda mrefu mpaka uiunguze poti ndani. Na tumia lehemu ya mafundi wa redio. Dawa ya kuungia mabomba ina tindikali na italila shaba ya waya baadaye.

Poti ikifanya kazi kinyume, nyaya za miguu miwili ya pembeni zimebadilishana. Kitufe cha toni kikifika sifuri na sauti yote ikapotea, kapasita imerukwa au imegusana miguu.

Pikapu mbili zikipigwa pamoja zikatoa sauti nyembamba, ya puani, ilhali moja moja ni nzuri, zinapingana. Geuza nyaya za moja. Chagua ya kwenye daraja au ya shingoni kwa uangalifu: ile ya shingoni kwenye Telecaster ina kifuniko cha chuma kilichoungwa kwenye waya wake wa athi, na ukiigeuza bila kukitenganisha kwanza, kifuniko kitakuwa upande wa sauti na kitanguruma kila kinapoguswa.

Linavuma

Gusa nyuzi kwa mkono na usikilize.

Mvumo ukipungua, waya wa athi wa daraja upo na unafanya kazi. Kinachokosekana ni kinga. Funika kuta za matundu ya ndani kwa karatasi ya shaba yenye gundi, na uiunganishe na athi. Mvumo ukibaki vilevile, waya unaotoka kwenye poti kwenda chini ya daraja haupo, au umekandamizwa juu ya rangi na haugusi chuma. Pima kati ya daraja na shina la jeki: multimita isome karibu na sifuri. Mvumo ukiongezeka unapogusa, nyaya mbili za jeki zimebadilishana. Pikapu za koili moja huvuma kidogo kwa asili yake, hasa ukisimama karibu na chaja au taa za umeme mdogo, na hilo halina lehemu itakayoliondoa.

Lakini ukigusa nyuzi ukahisi mwasho au mshtuko, hata mdogo, zima umeme ukutani sasa hivi. Nyuzi za gitaa zimeungwa na gamba la amplifaya, na amplifaya inategemea mguu wa tatu wa plagi kupeleka hitilafu ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake hakuna athi yoyote. Ukishika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni ya mashine nyingine, volti 230 zinaweza kupita kifuani kwako. Usikate mguu wa tatu, usitumie adapta ya miguu miwili, na usiendelee kupiga mpaka fundi umeme mwenye leseni amepima soketi hiyo. Gitaa linaweza kusubiri.

Rangi na ncha za freti

Rangi ya kupenya ikikataa sehemu fulani za mbao na kuacha mabaka, kuna gundi au vanishi nyembamba ya kiwandani juu yake. Piga msasa tena, ukianza na 180, lakini kama juu kuna tabaka la urembo wa mbao, usilisugue sana. Ni jembamba sana na ukilitoboa hakuna kurudi. Ukipaka laka ya kupuliza wakati wa masika huko Pwani ikageuka nyeupe kama imetiwa maziwa, ni unyevu wa hewa ulionaswa ndani. Subiri siku kavu, na usipulize usiku.

Ncha za freti zikianza kuchoma mkono miezi miwili baada ya gitaa kukamilika, mbao imekauka ikasinyaa na chuma kimebaki kilekile. Hutokea sana gitaa lililoungwa Dar es Salaam au Mombasa linapohamia Dodoma au Nairobi. Usikimbilie tupa siku unayofika. Liache wiki mbili tatu limalize kusinyaa, kisha funika mbao kwa utepe wa karatasi wenye gundi, pitisha tupa laini kwa mwinamo wa digrii 45 kila upande wa shingo, malizia kwa msasa wa 600, na upime upya upinde wa shingo, kwa sababu nao utakuwa umebadilika.